Majina Ndani ya Kaseti

Watu wengi wa Baraka waliocheza wimbo wa Pulchérie Esube kwenye harusi zao hawakujua kwamba mwimbaji mwenyewe ndiye aliyewashonea nguo za siku hiyo. Mimi nilijua. Tulikuwa na baraza moja karibu na soko, yeye na mashini yake ya kushonea, mimi na yangu. Naitwa Marthe. Kwenye kaseti ile, ukisikiliza vizuri, kuna sauti ya pili inayomwitikia katika kiitikio. Ni yangu.

Yaya Pulchérie, yaani dada mkubwa, kama nilivyomwita kwa kuwa alinizidi miaka minne, alizaliwa Mboko kwa baba mvuvi wa dagaa, akaletwa Baraka kujifunza kushona. Alikuwa mrefu, mchekaji, asiyependa kuambiwa jambo mara mbili. Kanisani kwetu alipewa kuanzisha nyimbo kwa sababu ya sauti yake. Ilipanda juu kama ya wengine, lakini ikifika kileleni ilikatika kidogo, kama kitambaa kinachochanika, halafu ikarudi nzima. Ukishaisikia mara moja huwezi kuichanganya na nyingine. Wakati ule tuliona hiyo ni bahati.

Mwaka 1993 alikuja mwalimu wa hesabu kutoka milimani, kijana mwembamba aitwaye Sebasaza, wa zile familia za wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Alikuja na kinanda cha umeme alichonunua Bujumbura, chenye urefu wa mkono, kilichokula betri kubwa sita. Kilikuwa na kitufe ambacho ukikibonyeza ngoma inapiga yenyewe, bila kuchoka, hadi ukibonyeze tena. Wazee wa kanisa walikataa kabisa ngoma isiyo na mpigaji kuingia ibadani. Basi Sebasaza akawa anakileta barazani kwetu Jumamosi alasiri. Siku ya kwanza alipokiwasha, Pulchérie alicheka hadi mkasi ukamwanguka. Siku ya pili alianza kuimba juu yake.

Wimbo waliouunda pale ulikuwa wa mwanamke ambaye mume wake amekwenda Misisi kuchimba dhahabu na harudi wala haandiki. "Unipe habari, hata ya uongo nitaipokea," ndivyo kilivyosema kiitikio. Chini yake kile kinanda kilitoa sauti ndefu, nyembamba na baridi, ambayo hatukuwahi kuisikia kwenye gitaa za bendi za huku kwetu, na ngoma ya mashini ikikimbia bila kujali huzuni ya maneno. Ulitaka kulia na miguu inacheza.

Mwaka 1994 tulikwenda watatu Uvira kuurekodi, kwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Kama ilivyo desturi kwa waimbaji wa Kongo, katikati ya wimbo mwimbaji alipaza majina ya watu waliomsaidia. Waliotusaidia walikuwa watatu. Bonaventure, mfanyabiashara wa samaki wa Mboko, alitusafirisha. Kabagwira, dada yake Sebasaza, aliuza ndama wake ili tulipie chumba. Norbert wa sokoni Baraka, mwenye kibanda cha kunakili kaseti, alituahidi kuusambaza. Basi ngoma ikabaki peke yake, na Pulchérie akapaza: "Bonaventure wa Mboko! Kabagwira wa milimani! Norbert, fundi wa sauti!" Ilichukua muda wa kuvuta pumzi mbili. Hatukufikiria kwamba tunaandika jambo lisilofutika.

Wimbo uliondoka mikononi mwetu haraka kuliko tulivyotegemea. Norbert alinakili mchana kutwa. Ulipigwa kwenye mashua zinazokwenda Kalemie na Kigoma, kwenye baa za wachimbaji wa Misisi, kwenye harusi za Fizi juu na Mboko chini. Kaseti hazikuwa na picha. Watu walijua sauti, hawakujua uso, na wengi walidhani mwimbaji yuko Bujumbura au Kinshasa. Pulchérie alifurahia kukaa pale anashona huku mteja akimsifia mwimbaji yule. Alinikonyeza tu.

Septemba 1996 ndipo hofu ilipoingia, na haikutoka tena kwa miaka mingi. Vita vilikuwa vinakuja, redio ilisema watu wa milimani ni maadui, na watu wa milimani waliokuwa wakiishi nasi kandokando ya ziwa wakaanza kutafutwa nyumba kwa nyumba. Waliowatafuta walikuwa na bunduki, lakini walioonyesha milango walikuwa majirani. Siwezi kusema vingine, niliona.

Sebasaza alikuja barazani adhuhuri moja, wakati watu wanakula. Alikuwa amevaa koti la mtu mwingine. Akaweka kinanda chini ya meza ya kukatia vitambaa.

"Mi naenda," akasema.

"Unaenda wapi?" Pulchérie akamuuliza.

"Juu, kama njia iko wazi. Kabagwira ameshaenda. Kinanda hiki ni kizito, kitanichelewesha."

"Tutakuwekea."

"Musikiweke sana," akasema, "batu bataulizia ni cha nani." Kisha akatoka kupitia uani. Sikumwona tena, na Pulchérie hakumwona tena.

Siku tatu baadaye walipekua nyumba ya jirani yetu na kumchukua kwa sababu ya picha moja ya shule aliyosimama karibu na mwanafunzi wa milimani. Kwa ajili ya picha tu. Sisi chini ya meza tulikuwa na kinanda ambacho mji mzima ulimwona nacho Sebasaza.

"Tukizamishe," Pulchérie akasema. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi imepasuka.

Tulikiweka ndani ya beseni kubwa, tukakifunika kwa sombe, majani ya muhogo yaliyochumwa asubuhi, akajitwika, tukaenda ziwani saa tisa mchana kama wanawake wanaokwenda kuosha majani. Tulikuwa tumesahau betri ndani. Tulipofika karibu na mahali mitumbwi inapovutwa, walikuwapo wanajeshi wanne wameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Pulchérie alijikwaa kidogo, akashika beseni ili lisianguke, na ndani ya yale majani ngoma ikaanza kupiga.

Sijawahi kusikia sauti kubwa namna ile, ingawa ilikuwa ndogo. Tuku-taka-tuku, tuku-taka-tuku, juu ya kichwa cha mtu. Wanajeshi waligeuka wote wanne.

"Mama, nini inalia humo?"

Pulchérie alishika beseni kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyesema, na sijui maneno yalitoka wapi: "Ni redio, chef. Tunapeleka kwa fundi, imeharibika, inajiwasha yenyewe."

"Redio ndani ya sombe?"

"Tunaogopa wezi."

Mmoja akacheka. Akasema, "Ongeza sauti basi, tusikie." Akainuka.

Alikuwa amebakiza hatua tano hivi. Nilianza kuhesabu hatua zake na kuomba. Ndipo ngoma ikaanza kuchoka. Betri zilikuwa za zamani. Tuku... taka... tuku... ikaenda ikipunguza mwendo na kushuka sauti, kama mtu anayelala, mwisho ikatoa mlio mmoja wa chini na kunyamaza.

"Betri zenu zimekufa, bamama," yule mwanajeshi akasema, akarudi kuketi.

Tulikwenda hadi kwenye matete. Pulchérie aliingia maji ya kiunoni, akakisukuma kinanda chini kwa mguu hadi kikakaa. Alipotoka aliirudisha ile sombe ndani ya beseni, akajitwika. Tangu siku ile hakuimba kanisani. Alisema koo linamuuma. Alianza pia kusema kwa sauti ya chini sana, hata na wateja, ili ule mchaniko usisikike.

Vita vya kwanza vilipita, vikaja vya pili mwaka 1998. Kundi jingine la wanajeshi likaushika mji, na waliolipinga wakaingia msituni. Kila upande ulikuwa na vizuizi vyake na orodha zake. Na kila upande, jambo la ajabu, ulikuwa na ile kaseti. Watu walikuwa wamepoteza waume, watoto, ndugu, wengine njiani, wengine majini. "Unipe habari, hata ya uongo nitaipokea" haikuwa tena habari ya mchimba dhahabu. Wanawake waliuimba wakipepeta unga. Wanajeshi waliupiga kwenye redio zao zenye milango miwili ya kaseti, wakiwa mbali na makwao.

Shida ilikuwa majina. Bonaventure wa Mboko, aliyetusafirisha na samaki wake, alikuwa sasa mkubwa wa wapiganaji wa msituni. Kwa wanajeshi wa mjini, mwanamke anayepaza jina la Bonaventure kwa furaha vile lazima awe mtu wake. Na kwa watu wa msituni, mwanamke anayepaza jina la Kabagwira wa milimani alikuwa amewauza wenzake. Pande zote mbili ziliucheza wimbo na kumtafuta mwimbaji. Norbert, ambaye jina lake nalo lilikuwamo, alijaribu kukata sehemu ile katika nakala mpya, lakini watu walizirudisha. Walisema wimbo umeharibika. Baadaye Norbert aliitwa kuhojiwa mara mbili, akafunga kibanda na kuvuka ziwa.

Pulchérie aliendelea kushona. Alishona sare, akashona mashati ya wale wale waliokuwa wakimtafuta, huku redio ya barabarani ikimwimbia yeye mwenyewe. Niliona jinsi alivyofanya kila kiitikio kilipokaribia kile kilele. Aliacha kukanyaga mashini, akangoja kipite.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa kunyamaza.

Mwezi wa tano mwaka 2000 nilikuwa natoka Mboko kununua mihogo. Tulikuwa wanawake kama kumi na watano nyuma ya lori moja. Kwenye bariyeri, kizuizi cha wanajeshi wa mjini, tulishushwa. Wanajeshi walikuwa na redio juu ya kiti, na mmoja wao, aliyevaa miwani, alikuwa ameipenda kazi yake. Alisimamisha kaseti mwanzoni mwa kiitikio na kusema, "Kamanda anataka huyu mwanamke. Anasema yuko kwenye barabara hii. Kila mama ataimba mstari mmoja. Tutamjua."

Tukapangwa. Wanawake waliimba vibaya makusudi, wengine kwa kulia, mmoja akaimba wimbo wa kanisa badala yake akapigwa kofi. Zamu yangu ilipofika nilijaribu kuharibu sauti. Lakini mwili una mazoea yake. Nilipofungua kinywa, nikaingia pale pale nilipoingia Uvira, chini ya sauti ya Pulchérie, kwenye nafasi yangu.

Yule wa miwani akarudisha kaseti. Akasikiliza. Akarudisha tena.

"Wewe umo humu," akasema.

"Hapana, chef."

"Umo. Si yule, ni mwenzake. Yule anakaa wapi?"

Wale wanawake wote walikuwa wananitazama. Yule wa miwani hakunigusa. Aliweka tu mkono juu ya redio na kungoja, na mwenzake akafungua mlango wa kibanda cha nyasi kilichokuwa pale kando, ambacho ndani yake sikuona kitu. Mlango ulifunguliwa tu. Nikasema, "Anashona Baraka, karibu na soko. Anaitwa Pulchérie." Nikasema na rangi ya mlango wetu, ingawa hakuniuliza.

Waliniruhusu kupanda lori na mihogo yangu.

Sikumwambia. Nilifika nyumbani, nikapika, nikala. Kesho yake nikaenda kazini.

Siku ya pili wanajeshi wawili walikuja barazani na karatasi, kwa heshima, wakavua kofia. Kamanda alikuwa anafanya sherehe ya mji Jumamosi saa nane mchana, uwanja wa mpira. Alimwalika mwimbaji. Angeimba wimbo wake, na pale penye majina angeyaondoa ya zamani na kupaza moja tu, la kamanda. Mmoja alimsomea jina lile polepole, mara tatu, kama anayemfundisha mtoto.

Alasiri ile ile alikuja mama mwenye kuuza makaa. Alikuwa amezoea kupita, lakini hakuweka mzigo chini. Akainama karibu na sikio la Pulchérie.

"Bale ba msituni banajua utaimba," akanong'ona. "Banasema, jina la mukubwa wao likitoka na la huyu likiingia, batafika kwako. Hata wewe ukikimbilia Mboko. Banajua kwa baba yako." Akaenda na makaa yake bila kuuza.

Pulchérie aliketi. Akasema, "Marthe, sijui tumbo langu liko wapi. Nalitafuta silisikii."

"Tukimbie," nikasema.

"Njia gani? Barabara ni yao, mulima ni wa bale ba msituni, na pwani banahesabu mitumbwi."

Siku tatu zile hakula kitu kigumu. Alinijaribia maneno mbalimbali. Angesema anaumwa, wangempeleka kwa daktari wao. Angejikata ulimi, akasema kwa mzaha, halafu nikaona hakuwa anatania, nikaficha wembe wa kukatia nyuzi.

Jumamosi uwanja ulijaa. Watu hawakuja kwa kupenda. Wanajeshi walipita nyumba kwa nyumba. Kamanda aliketi chini ya turubai. Alikuwa mtu mzima, mpole wa uso, na nilimwona akipiga mguu chini kwa mdundo kabla hata wimbo haujaanza. Kinanda kililetwa kutoka Uvira, kikapigwa na mwanajeshi aliyejifunza kanisani kwao. Kwa mara ya kwanza Baraka ikaona uso wa sauti ile. Nilisikia wateja wetu wakishangaa karibu nami kwamba kumbe ni yeye: "Njo ule mama wa mashini?"

Aliimba vizuri. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Miaka minne bila kuimba, na pale kileleni sauti ilichanika na kurudi kama zamani, na watu wakaguna kwa utamu wake wakisahau bunduki. Kisha maneno yakaisha na ngoma ikabaki peke yake. Mahali pa majina.

Pulchérie alifunga mdomo. Alisimama na kipaza sauti kifuani, ametazama chini. Ngoma ikaenda mizunguko minne. Kamanda akaacha kupiga mguu.

Kisha nyuma kabisa, mwanamke mmoja ambaye nadhani hakujua anafanya nini, ambaye alikuwa amezoea tu, akapaza: "Bonaventure wa Mboko!"

Na uwanja ukaitikia. Sijui nieleze vipi. Watu hawakuamua. Miaka sita walikuwa wakilijazia lile pengo, jikoni, mashuani, harusini, na vinywa vyao vilijua njia. Mamia ya watu wakapaza, "Kabagwira wa milimani!" Wanawake ambao sokoni wasingethubutu kutamka jina la mtu wa milimani wakalipaza, na pembeni ya turubai nikaona mwanajeshi mmoja midomo yake ikienda nao. Walipofika kwa Norbert ndipo wakasikia wanachokisema. Jina lile likafia njiani, nusu yake likisemwa na watu wachache. Kisha kimya, ila ile ngoma ya mashini, kwa sababu mpigaji naye alikuwa ameganda.

Kamanda alisimama. Mtu akakizima kinanda. Mtoto mmoja akaanza kulia na mama yake akamziba mdomo.

"Nani amesema?" kamanda akauliza. Hakupaza sauti. Akamgeukia Pulchérie. "Wewe, umesikia ni nani amesema?"

Pulchérie akajibu kwenye kipaza sauti, na sauti ilimtetemeka uwanja mzima ukasikia. "Mukubwa, mi nilinyamaza. Batu bote baliniona. Sikutaja jina la mutu yeyote."

"Langu pia hukulitaja."

"Sikutaja la mutu yeyote, mukubwa."

Wanajeshi waliozunguka uwanja walikuwa wameshusha bunduki kutoka mabegani wakazishika mikononi. Nilitazama mahali ambapo ningeanguka kama wangeanza kupiga, nikachagua, karibu na nguzo ya goli. Nadhani kila mtu alikuwa amechagua pake.

"Jumatatu saa tatu asubuhi," kamanda akasema, "utakuja bureau." Akaondoka na walinzi wake. Sherehe ikaisha bila chakula kuguswa.

Sote tulijua yaliyowapata waliowahi kuitwa kwenye ofisi ile. Pasta Néhémie, mchungaji wetu, alijua kuliko wote kwa sababu ndiye aliyezika wawili kati yao. Jioni ile ile alitangaza ubatizo wa Jumapili. Haukuwa kwenye ratiba. Alituma watu usiku kucha, na asubuhi kwaya nzima ikavaa nguo nyeupe na kushuka ziwani kwa kuimba, watu kumi na wawili wa kubatizwa mbele, Pulchérie akiwa wa saba, kitambaa kimemfunika hadi machoni. Ng'ambo ya matete mtumbwi wa wavuvi ulikuwa umeegeshwa kama unaotega nyavu.

Wanajeshi watano walikuja kutazama. Waliketi pale pale wanapoketi siku zote. Mmoja wao alikuwa yule wa miwani, na nilishusha macho nikayaweka kwenye miguu yangu.

Tuliimba kwa nguvu zote. Néhémie aliwazamisha mmoja mmoja, na kila aliyezama alitokea upande wa pili kwenye kundi la wanakwaya waliosimama majini kumpokea kwa vitenge. Pulchérie alizama. Alipotokea, vitenge viliinuliwa, wanawake wakamzunguka, na kundi lile likasogea kidogo kidogo kuelekea kwenye matete kama linalocheza. Kisha likarudi bila yeye. Nilikuwa na sauti yangu ya pili ya kuimba na haikutoka. Nilifungua mdomo tu.

"Mchungaji," yule wa miwani akaita ubatizo ulipokwisha. "Walikuwa kumi na mbili. Mi nahesabu kumi na moja."

Néhémie alikuwa bado ndani ya maji, kanzu imemganda mwilini. Kabla hajajibu, Mama Dorothée, mjane wa miaka sabini aliyebatizwa kabla hata sisi hatujazaliwa, akatoka katikati ya kwaya na nguo zake zote. "Mumenisahau mi hapa," akasema kwa hasira. Akaingia majini, akamshika mchungaji mkono, akazamishwa kwa mara ya pili maishani mwake. Alitoka akikohoa.

"Kumi na mbili," yule mwanajeshi akasema. Mtumbwi nyuma ya matete ulikuwa umeshaondoka.

Jumatatu walikuja wakavunja baraza letu. Waliniuliza, nikasema sijui. Safari hii walinipiga, na kwa kweli sikujua chochote zaidi ya ziwa.

Pulchérie alifika Kigoma, akapelekwa kambi ya wakimbizi. Alikaa huko miaka sita. Mwaka wa kwanza hakumwambia mtu yeye ni nani, maana kambini walikuwamo ndugu wa pande zote, na wimbo ulipigwa hema hadi hema. Alikuwa akiamka kwa hofu kila aliposikia sauti yake nje, akidhani amesema usingizini. Aliwauliza wageni wote kuhusu Sebasaza. Wengine walisema anafundisha Bujumbura, wengine Nairobi, wengine kwamba hakuvuka mto wa kwanza. Hadi leo hatujui.

Alirudi Baraka mwaka 2006 kwa meli ya waliorudishwa. Kamanda alikuwa amehamishwa zamani; Bonaventure alikufa msituni kwa homa. Wimbo haukufa. Vijana waliuhamishia kwenye simu zao, wakaongeza ngoma mpya, na siku hizi katika harusi familia humpa mwongoza sherehe majina ya ndugu zao ayapaze mahali pale, kwa furaha, bila kujua mahali pale palikuwa nini. Mara moja, kwenye harusi ya Iriza, binti wa wafugaji walioshuka tena kutoka milimani, walimtambua na kumsihi aimbe. Aliimba beti zote. Ngoma ilipobaki peke yake alirudisha kipaza sauti na kuketi, na vijana wakadhani amezeeka.

Tulirudia kushona pamoja. Mwaka mzima nilikaa na lile neno. Kisha alasiri moja, mvua ikinyesha na hakuna mteja, nikamwambia yote, bariyeri, redio juu ya kiti, kibanda cha nyasi, rangi ya mlango.

Hakuacha kukanyaga mashini hadi akamaliza mshono.

"Walikupiga?" akauliza.

"Hapana. Hawakuwa wamefika huko. Niliogopa tu."

Akakata uzi. "Nilijua," akasema. "Tangu bale wawili walipoingia na karatasi. Mi niliwatazama wao, kisha nikakutazama wewe, ukawa unafunga kifungo ambacho kilikuwa kimeshafungwa."

"Na uliendelea kuketi nami, yaya? Hata siku zile tatu?"

"Ningeketi na nani?"

Mvua ilipopungua aliingia mteja na kitambaa cha kijani, akataka gauni kabla ya Jumapili. Pulchérie akampima mabega, mimi nikaandika.